Majimaji ya taifa na Majimaji ya vijijini

Mwanafunzi yeyote wa Tanzania anaijua Majimaji kwa muhtasari huu: kati ya 1905 na 1907 makabila ya kusini yaliungana kwa nguvu ya maji ya mganga Kinjikitile Ngwale, yaliyoaminika kumkinga mtu na risasi, yakasahau tofauti zao, yakapigana na Mjerumani, yakashindwa kwa bunduki lakini yakapanda mbegu ya uhuru. Ni simulizi fupi, inakaririka, na kwenye mtihani haimwangushi mtu. Kwa miaka mingi sasa wanahistoria wanaochimba eneo kwa eneo wamekuwa wakiitilia shaka, ila ubishi wao haujashuka sana hadi darasani.

Tuanze na haki ya simulizi ya taifa, maana siku hizi ni rahisi kuibeza. Kabla yake tulikuwa na simulizi ya Wajerumani, iliyowatupia lawama waganga na ushirikina wa watu, kana kwamba kodi na kazi za shuruti hazikuwepo. Nyerere alipokwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1956 aliikumbusha dunia vita hivyo, ili asije mtu akadhani Watanganyika waliupokea ukoloni kwa mikono miwili. Kisha, mwaka 1968, wanafunzi wa historia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi uliowahusisha wanahistoria kama Gilbert Gwassa na John Iliffe, walipelekwa vijijini kuwahoji wazee waliokuwa bado wanakumbuka. Taifa changa lilikuwa linatafuta chimbuko lake, na hilo halikufichwa. Lakini bila hamu hiyo, nani angewatuma? Wazee wale hawakuwa na miaka mingi mbele yao. Cha kuchekesha ni kwamba baadhi ya ushahidi unaotumika leo kuibomoa simulizi ya taifa ni ule ule uliokusanywa ili kuijenga.

Sasa shuka Umatumbi, nchi ya Wamatumbi huko kusini, kijiji cha Nandete, mwishoni mwa Julai 1905. Watu wawili, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, waliingia kwenye shamba la pamba ya serikali wakang'oa miche michache. Basi, vita vilikuwa vimetangazwa. Ili kuelewa kwa nini miche michache ilitosha, lazima ujue pamba hiyo ilikuwa na maana gani kwa mkulima. Katika mpango ulioanza 1902 chini ya Gavana Götzen, majumbe (wakuu wa vijiji) waliagizwa kufungua mashamba ya pamba, na watu wazima wakatakiwa kulima humo siku 28 kwa mwaka, huku akida, wakala wa serikali, akisimamia na kiboko hakiko mbali. Siku hizo ziligongana na za kulima chakula chao wenyewe. Malipo yalipokuja yalikuwa madogo mno hata wengine wakakataa kuyapokea.

Uzaramo nako kulikuwa na kisa chake. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameonyesha jinsi masharti ya uwindaji yalivyowafungia watu njia za kuwadhibiti nguruwe pori, wakati huo huo wanaume wakiondolewa kwenda kufanya kazi kwingine. Walioachwa kulinda mashamba usiku ni wanawake. Hasira ya namna hiyo huiwezi kuiona ukitafuta tu maneno "uhuru" na "taifa".

Ungoni ni hadithi nyingine kabisa. Pamba haikuwa kidonda kikubwa huko. Wangoni walikuwa wamefika kutoka kusini mwa bara katika karne ya 19, wakajenga tawala za kivita zilizowameza mateka wengi, na Wajerumani walipoweka boma Songea mwaka 1897 waliukata mzizi wa tawala hizo. Wakuu wa Kingoni walikuwa na mamlaka ya kurudisha. Na hapa simulizi ya umoja inapata taabu: watu wa Masasi waliwakumbuka Wangoni hao hao kama Magwangwara, wavamizi waliowapiga mwaka 1882. Je, maji yaliyafuta hayo yote ndani ya wiki chache?

Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, kabla vita havijafika Ungoni. Huko maji yalipelekwa na mtu mwingine, Omari Kinjala, na kila yalikofika yaliingizwa kwenye ugomvi uliokuwepo tayari. Wengine hawakuyataka. Wahehe, waliokuwa wamewaangamiza Wajerumani Lugalo mwaka 1891 kisha wakampoteza mtemi wao Mkwawa mwaka 1898, kwa sehemu kubwa hawakuingia, na baadhi ya wakuu wao walisimama na serikali. Mtemi Kiwanga wa Ulanga vilevile. Askari na rugaruga (wapiganaji wasaidizi) waliochoma maghala ya chakula nao wengi wao walikuwa Waafrika. Ukiandika "Waafrika dhidi ya Wajerumani" umewafuta wote hawa kwa sentensi moja.

Kwa hiyo wenye historia za mahali wameshinda? Ningesema hivyo, kama ningeamini kwamba historia ya mahali huandikwa na malaika.

Uingereza ilipoichukua Tanganyika ilizipenda sana historia za makabila. Chini ya Gavana Donald Cameron, utawala wa kupitia watemi ulihitaji kujua nani mtemi halali, ukoo gani ulitangulia, mpaka wa kabila uko wapi. Maofisa wakakusanya masimulizi, na wazee walioitwa kusimulia walijua vizuri kwamba jibu lao lingeweza kumpa mtu kiti na mshahara. Mengi tunayoyaita leo "mapokeo ya kabila" yalipitia kwenye chujio hilo. Halafu kuna fuvu la Mkwawa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe, jambo likalala miaka thelathini na ushee. Aliyelirudisha Kalenga mwaka 1954 ni gavana wa kikoloni, Edward Twining, wakati jirani Kenya kunawaka Mau Mau na Waingereza wakiutaka sana utiifu wa Wahehe. Shujaa wa mahali, aliyepinga ukoloni hadi kufa, akawa chombo kizuri cha ukoloni mwingine. Serikali ya Tanganyika ilipoondoa mamlaka ya watemi mwaka 1963 ilikuwa na sababu zake.

Hata ndani ya Songea kwenyewe kumbukumbu ina ngazi zake. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapo makumi ya viongozi, akiwemo Nkosi (mtawala mkuu wa Kingoni) Mputa Gama, na wengi wao wamelala katika kaburi moja la pamoja. Nduna (jemadari) Songea Mbano, aliyekuwa chini ya nkosi kwa cheo, ana kaburi lake na mji una jina lake; inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Wazao wa mateka waliopigana chini ya wakuu hao hawatajwi sana, wala wanawake.

Mimi naegemea upande wa vijijini, kwa sharti kwamba masimulizi ya ukoo yabanwe maswali yale yale tunayoibana serikali: nani alisema, lini, na alipata nini kwa kusema hivyo. Na siamini kwamba kufanya hivyo kunaliumiza taifa. Kama Wamatumbi, Wangoni na Wahehe hawakuwa kitu kimoja mwaka 1905, basi umoja uliokuja baadaye ulijengwa na watu, kwa siasa, kwa lugha, kwa kazi ngumu ya miaka. Simulizi inayoupeleka hadi kwenye chupa ya maji ya Kinjikitile inawapunja walioujenga. Sasa kwa kuwa somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeingia kwenye mtaala, mwanafunzi wa Ulanga anastahili kuruhusiwa kuuliza kwa nini Kiwanga alichagua alivyochagua, bila mwalimu kuona aibu.

Lakini kuna mahali ambapo historia ya mahali inaishiwa pumzi, na hapo ndipo nalihitaji taifa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha na akakutana na familia ya Songea Mbano. Familia hiyo ina jina, ina kaburi, ina fuvu la kudai. Wengi waliokufa hawakunyongwa wala kupigwa risasi. Waliuawa na njaa baada ya jeshi kuchoma mashamba na maghala kwa makusudi. Wajerumani walikadiria vifo 75,000, na Gwassa alifikia kati ya 250,000 na 300,000. Watu hao hawakuwa nkosi wala nduna. Walikufa porini Liwale, Umatumbi, Upangwa, wakitafuta mizizi, na hakuna ukoo mmoja unaoweza kuketi mezani kwa niaba yao. Serikali ikiketi na Berlin na kuzungumzia mafuvu tu, wao hawamo kwenye ajenda.