Linda wa Estonia si yule wa Kihispania

Ukiuliza mtandaoni maana ya jina Linda, jibu linakuja haraka: ni Kihispania, maana yake mrembo. Basi, yameisha. Mimi naona huo ni uvivu, kwa sababu Waestonia wana Linda wao, na hawakumwazima Uhispania.

Huyo ni mama wa Kalevipoeg, shujaa wa utenzi wa taifa uliotungwa na daktari Friedrich Reinhold Kreutzwald kutokana na masimulizi ya wenyeji, ukachapishwa kati ya 1857 na 1861. Mjane mmoja anaokota kuku, yai la ndege wa porini wa jamii ya kwale na kinda la kunguru, anawaweka ghalani. Kuku anageuka binti, Salme. Kwenye yai anatoka Linda. (Ndege kwa Kiestonia ni lind, kwa hiyo jina halikudondoka tu kutoka hewani.) Wachumba wanapiga foleni: Mwezi, Jua, Upepo, hata mwana wa mfalme. Wote anawakataa! Anayempata ni Kalev.

Mrembo alikuwa, sibishi, ila hakumbukwi kwa sura. Kalev alipofariki, Linda alibeba mawe kumjengea kaburi, na kilima cha Toompea katikati ya Tallinn, mji mkuu wa Estonia, husemwa ndicho kaburi lenyewe. Jiwe moja likamponyoka. Akalikalia, akalia mpaka machozi yakawa ziwa Ülemiste. Ziwa hilo lipo, na ndilo linaloipa Tallinn sehemu kubwa ya maji ya bomba.

Utenzi uliposambaa, wazazi wakaanza kuwapa mabinti jina hilo. Kuna watakaosema jina la kitabuni si la asili. Wakatazame sanamu ya Linda aliyoichonga August Weizenberg, iliyosimamishwa pale karibu na Toompea. Enzi za Usovieti watu waliweka maua hapo kwa kujificha, kuwakumbuka ndugu waliosombwa kupelekwa Siberia. Machi 1949 pekee walichukuliwa zaidi ya watu 20,000, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Familia hazikuwa na kaburi la kuzuru, zikaenda kwa mjane wa Kalev. Asili gani tena inatafutwa?

Kwetu akina Linda wamejaa, Nairobi hadi Dar, na wengi tunasikia kulinda kabla ya kingine chochote. Sina neno. Ila mzazi akinitaka ushauri, huyu wa Toompea ndiye nitakayeanza naye.