Somo la Mwili Kanda ya Ziwa Lianze na Kichocho

Nina maoni kuhusu namna watoto wetu wanavyofundishwa mwili wa binadamu, na nitayasema bila kuzunguka: huku Kanda ya Ziwa somo hilo lianze na kichocho, ugonjwa wa mnyoo anayeambukizwa majini. Lisianze na ngozi ya kitunguu chini ya hadubini, wala na amiba ambaye mwanafunzi atamkariri kwa ajili ya mtihani kisha amsahau. Lianze na mnyoo anayepatikana kwenye fukwe zetu, kutoka Mwanza mjini mpaka visiwa vya Ukerewe, anayeingia kupitia ngozi ya mguu na kupita karibu kila ogani kubwa kabla hajatulia. Atakayemfuata hatua kwa hatua ataijua ngozi, mishipa, moyo, mapafu, ini, utumbo na bandama. Tena atajua kila kimoja kina kazi gani, kwa sababu ataona kinatokea nini kikiharibika.

Watu wa ziwani si wageni wa elimu ya viungo. Mpe mpasua samaki wa pale sokoni Mwaloni Kirumba sangara mzima, atakutolea bondo, yaani kibofu cha hewa cha samaki, bila kulitoboa, maana anajua bei yake. Nyongo ataikwepa isije ikapasuka ikatia uchungu kwenye nyama. Lakini muulize bandama yake mwenyewe iko upande gani, wengi watashika tumbo lote. Siwalaumu hata kidogo. Bondo walionyeshwa kwa sababu linawahusu. Bandama hakuna aliyewaambia kuwa inawahusu.

Basi tuanze safari, na inaanzia kwa mtu, haianzii ziwani. Mtu mwenye kichocho cha tumbo akijisaidia ufukweni, kinyesi chake kinaingiza mayai majini. Mayai yanapasuka, vinatoka vilava vinavyotafuta aina fulani ya konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya kando ya maji. Ndani ya konokono vinaongezeka kwa wiki nne mpaka sita, kisha vinatoka kwa maelfu, vikiwa na mkia wenye ncha mbili na urefu usiofika milimita moja. Vinatoka zaidi jua likiwa juu, saa ambazo watoto wanaoga na akina mama wanafua. Bila kupata mtu, uhai wa vilava hivyo hauzidi siku mbili hivi. Ndiyo maana maji ya ziwa yaliyotekwa yakakaa kwenye ndoo siku mbili bila kuguswa hayana tena hatari hiyo, ingawa ya kunywa bado yanahitaji kuchemshwa.

Hapa mwalimu asimame kwenye ngozi, ogani kubwa kuliko zote mwilini. Aeleze kwamba mwili umejengwa kwa seli, chembe hai ndogo kabisa. Seli za aina moja zikifanya kazi pamoja zinaitwa tishu. Tishu mbalimbali zikiungana zinafanya ogani. Na ogani zikishirikiana tunapata mfumo. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokwisha kufa, zimepangana kuwa kinga. Kilava kinaipenya kinga hiyo kwa vimeng'enya ndani ya dakika chache na kuacha mkia wake nje. Pengine utahisi mwasho kidogo, pengine usihisi chochote.

Kikishaingia kwenye vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, damu inakibeba mpaka upande wa kulia wa moyo, ambao kazi yake ni kusukuma damu kwenda mapafuni kuchukua oksijeni. Kinapita mapafuni, kinarudi upande wa kushoto wa moyo, na kutoka hapo kinasambazwa kwa ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, pamoja na damu ya mwili mzima. Mwanafunzi ambaye mzunguko wa damu ulimchanganya miaka yote ataushika hapa, kwa sababu sasa kuna msafiri wa kumfuata.

Mwisho wa safari ni kwenye mshipa mkubwa unaochukua damu kutoka utumboni na kuipeleka kwenye ini. Damu hiyo imebeba chakula kilichomeng'enywa, na ini ndilo linalokipokea, linakichambua, linaweka akiba ya sukari na kuondoa sumu. Humo mnyoo anakua na kufikia urefu wa sentimita moja hivi. Dume anamkumbatia jike kwenye mkunjo wa mwili wake, wanarudi pamoja kwenye vena ndogo za utumbo, na jike anaanza kutaga mayai kati ya mia moja na mia tatu kwa siku. Wanaweza kuishi hivyo miaka mitatu, mitano, hata kumi.

Sasa hapa ndipo ningependa kila mzazi wa Igombe, Kayenze na Kome aelewe vizuri. Kinachoudhuru mwili hasa si mnyoo, ni mayai yake. Mengine yanatoboa ukuta wa utumbo na kutoka na kinyesi, ndiyo maana kinyesi huweza kuwa na damu. Yanayobaki yanasombwa na damu mpaka kwenye ini na kukwama. Yai lina urefu wa milimita 0.14 hivi na mwiba ubavuni, na mishipa midogo kabisa ya damu haifiki upana wa milimita 0.02. Halipiti. Seli nyeupe za damu zinalizingira kama adui, na pale zilipolizingira panabaki kovu. Makovu yakirundikana miaka na miaka, damu inayotoka utumboni inakosa njia ndani ya ini, na kama maji ya mfereji wa majaruba yaliyozibwa, inatafuta pa kutokea.

Inarudi nyuma kwenye bandama, iliyoko kushoto chini ya mbavu, ambayo kazi yake ya kawaida ni kuchuja damu na kuondoa seli nyekundu zilizozeeka. Bandama inavimba, inaanza kuharibu hata seli ambazo bado ni nzima, na mgonjwa anapungukiwa damu. Maji yanaweza kujaa tumboni. Vena za mwisho wa umio, pale unapoungana na tumbo, zinatanuka kupita kiasi, na siku zikipasuka mtu anatapika damu nyingi.

Nimekasirishwa mara nyingi na jinsi jambo hili linavyopokelewa mitaani. Mtu mzima, mvuvi wa dagaa aliyeingia majini tangu utotoni, anatapika damu na ndugu wanaanza kuuliza nani kamroga. Mwingine ananunua dawa za vidonda vya tumbo mwaka baada ya mwaka, hajawahi kupimwa ini. Kwa Mwanza ambayo ina hospitali ya rufaa pale Bugando na watafiti waliokichunguza kichocho kwa miongo mingi, hili linaniuma. Minyoo wa kichocho walitambuliwa na daktari Mjerumani Theodor Bilharz kule Cairo mwaka 1851. Si siri ya jana.

Kipo pia kichocho cha mkojo, cha mnyoo mwingine na konokono wengine, ambacho huku kwetu kiko zaidi kwenye malambo na madimbwi ya mbali na ziwa. Huyo anakaa kwenye vena za kibofu. Mvulana akikojoa damu, wazazi wasidhani ni hatua ya kukua.

Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli. Kipimo kinategemea uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, na ndiyo sababu ya ule mti wa kupimia urefu ambao wagawa dawa wa kampeni wanakuja nao shuleni: urefu unakadiria uzito. Imezwe baada ya kula, maana tumbo likiwa tupu kichefuchefu kinazidi. Inaua minyoo waliokomaa, wachanga wengi wanaiponyoka, na haimzuii mtoto kuambukizwa tena akirudi majini. Kwa hiyo anayeugua tena baada ya kampeni hajapewa dawa mbovu. Naona pia ni kosa kuiacha kazi yote shuleni wakati mvuvi, mfuaji na mtoto wa miaka mitatu wako majini kila siku. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lenyewe lilipendekeza jamii zenye maambukizi mengi zipewe dawa kuanzia umri wa miaka miwili.

Ningependa kila mwalo, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, uwe na ukuta wenye mchoro mkubwa wa mwili, njia ya mnyoo ikioneshwa kwa rangi kutoka mguuni hadi kwenye ini, na choo kinachofanya kazi hatua chache kutoka hapo. Na mwalimu wa Baiolojia awalete wanafunzi wake mbele ya ukuta huo.

Kwa anayetaka kupima: mayai hayaonekani kwenye kinyesi mpaka zipite wiki tano au sita tangu maambukizi, hivyo majibu ya wiki ya kwanza yasikudanganye. Kama kuna uzito au uvimbe chini ya mbavu za kushoto, muulize daktari kuhusu kupigwa ultrasaundi ya ini na bandama. Kwa watoto hasa, makovu ya ini yanaweza kupungua wakipata dawa mapema.