Shaba Ileile, Reli Mbili

Kila mkubwa wa dunia akitua Afrika siku hizi, hakosi mtu wa kutukumbusha methali ya tembo na nyasi. Nimeichoka. Nyasi hazina bandari. Tanzania inayo, Angola inayo, na katikati yao kuna shaba na kobalti ya Katanga, kusini mwa Kongo, na Zambia, ambayo Washington na Beijing zote zinaitaka.

Desemba 2024 Joe Biden alikwenda Angola hadi Lobito, kuipigia debe reli ya kilomita zipatazo 1,300 inayotoka bandari hiyo hadi Luau, mpakani na Kongo. Marekani imeitengea mkopo wa zaidi ya dola milioni 550. Miezi mitatu kabla yake, Rais Samia na Rais Hichilema wa Zambia walikuwa Beijing na Xi Jinping, wakishuhudia makubaliano ya awali ya kuifufua TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Mwaka 2025 yakazaa mkataba wa dola bilioni 1.4, na kampuni ya Kichina, CCECC, ikapewa kuiendesha reli kwa miaka 30.

Wazee wanajua TAZARA ilivyoanza. Nchi za Magharibi zilisema hailipi, zikakataa. China ya Mao ikatoa mkopo usio na riba, na kati ya 1970 na 1975 zikatandazwa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ili Zambia ifike baharini bila kumpigia magoti Ian Smith wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Leo kinachotafutwa ni malighafi ya betri za magari ya umeme. Ni biashara tupu, na sioni ubaya wowote, ilimradi nasi tukae mezani kama wafanyabiashara, tuache kuimba urafiki wa kale.

Ninakogombana na wanaoshangilia ni hapa: behewa litabeba nini? Kongo inatoa kama asilimia 70 ya kobalti yote duniani, lakini kazi ya kuisafisha hadi iingie kwenye betri hufanyika zaidi China. Hata mgodi wa Tenke Fungurume, hukohuko Kongo, ulikuwa wa Freeport-McMoRan ya Marekani, ikauuza kwa CMOC ya China mwaka 2016. Wakati ule Washington ilitazama tu. Sasa ndiyo inakimbizana.

Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha kuuza kobalti nje, na baadaye mwaka huohuo ikaweka mgawo wa kiasi kinachoruhusiwa kutoka. Bei iliyokuwa imeporomoka ikapanda. Wote wanaozungumzia vita ya wakubwa wangeanza na tukio hilo, kwa sababu safari hii aliyefunga bomba ni mwenye mali.

Kwa hiyo ningependa kuona Kinshasa, Lusaka na Dodoma zikienda na sharti moja kwa Mchina na kwa Mmarekani: anayetaka reli ajenge na kiwanda cha kusafisha madini, huku huku, na tarehe ya kuanza uzalishaji iandikwe kwenye mkataba uleule wa reli.