Jina la mwanariadha ni mali yake, hata akiwa na viza ya mwanafunzi

Tangu tarehe 1 Julai 2021, mwanafunzi anayechezea chuo cha Marekani anaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina lake na sura yake. Anaweza kutangaza viatu, kutia saini jezi za mashabiki kwa malipo, kuendesha kambi ya mazoezi ya watoto, au kuusifu mkahawa wa mtaani kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, na asipoteze nafasi yake kikosini. Naiunga mkono ruhusa hiyo kwa moyo wote. Linalonisumbua ni kwamba vijana wetu wanaotoka Iten, Kapsabet au Lubumbashi, ambao wenzao waliowatangulia wamekuwa wakiviletea vyuo hivi vikombe tangu miaka ya 1970, wengi wao hawafikiwi na ruhusa hiyo, na dhuluma hiyo inaweza kurekebishwa bila kumgharimu mtu yeyote.

Kwa miongo mingi, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilishikilia kwamba mwanafunzi hucheza kwa ridhaa na hivyo hapaswi kupata chochote zaidi ya ada, malazi na chakula. Wakati huohuo jezi zenye nambari yake ziliuzwa, na televisheni zililipa mabilioni ya dola kuonyesha mechi zake. Ed O'Bannon, aliyekisaidia chuo cha UCLA kutwaa ubingwa wa mpira wa kikapu mwaka 1995, alikuja kujiona ndani ya mchezo wa video, umbo lake na nambari yake vikiwemo, ilhali hakuna aliyemwomba ruhusa wala kumlipa. Alikwenda mahakamani mwaka 2009. Jimbo la California lilitunga sheria ya kuwaruhusu wanariadha wa vyuo kulipwa kwa majina yao mwaka 2019, na mwezi Juni 2021 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu waliamua, katika kesi ya Alston, kwamba chama hicho hakina kinga dhidi ya sheria za ushindani wa biashara. Kesi hiyo ilihusu marupurupu ya masomo, wala haikugusa sura ya mtu, lakini siku chache baadaye NCAA ililegeza msimamo wake. Mwezi Juni 2025 mahakama iliidhinisha maafikiano mengine makubwa zaidi, yanayoviruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wachezaji, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja katika mwaka wa kwanza.

Wapo Wakenya wenzangu hapa Kansas wanaosema kwamba ufadhili wa masomo unatosha. Nawaelewa, kwa sababu sisi tuliolipiwa ada kwa harambee na kwa kuuza ng'ombe hatuwezi kudharau shahada isiyodaiwa mkopo. Hata hivyo, ufadhili ule ni malipo ya mbio, yaani ya mazoezi ya alfajiri, ya safari za mashindano na ya pointi ambazo chuo kinajipatia. Haukununua uso wa mtoto. Chuo kikiubandika uso huo ukutani ili kuuza tiketi, au duka likiutaka ili kuuza bidhaa, hiyo ni biashara nyingine, na mwenye uso anastahili fungu lake. Hoja ya kwamba pesa zitawapotosha vijana pia siikubali, kwa kuwa wanaoitoa hawajawahi kupendekeza makocha wapunguziwe mishahara ili wasipotoke.

Mtoto wa dada yangu anakimbia mbio za nyika na mita 10,000 katika chuo kimoja cha jimbo jirani. Nilipokwenda kumtazama akishindana, niliiona picha yake kwenye bango refu kuliko mlango, likining'inia kwenye uzio wa uwanja, na pia kwenye jalada la kijitabu cha ratiba kilichouzwa langoni. Jioni alinieleza kwamba duka moja la viatu mjini lilikuwa limemtaka yeye na mwenzake wa kikosi, msichana Mmarekani anayemaliza nyuma yake karibu kila mara, wapige picha wakiwa wamevaa viatu vya duka hilo. Mwenzake alikubali, akalipwa. Yeye aliambiwa na ofisi ya wanafunzi wa kigeni asithubutu. "Mjomba," aliniambia, "bango lile ni langu, lakini mimi ndiye nisiyeweza kulitumia." Kesho yake asubuhi alirudi kwenye kazi yake ya kupanga vyombo katika jumba la chakula la chuo, kazi ambayo viza yake inamruhusu kuifanya, mradi asizidishe saa 20 kwa wiki masomo yanapoendelea.

Kikwazo kipo hapo kwenye viza. Mwanafunzi wa kigeni huingia Marekani kwa viza ya F-1, na masharti yake yanamzuia kufanya kazi nje ya chuo bila kibali maalumu. Kwa kuwa kutangaza bidhaa huhesabiwa kuwa kazi, anayethubutu huweza kupoteza hadhi yake ya kuwa nchini na kurudishwa kwao kabla ya kumaliza shahada. Ndiyo maana Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi aliyechezea Chuo Kikuu cha Kentucky na kutajwa kuwa mchezaji bora wa mpira wa kikapu wa vyuo mwaka 2022, alifanya shughuli zake za matangazo timu yake ilipokwenda Bahamas mwezi Agosti mwaka huohuo. Nje ya mipaka ya Marekani sheria haikumbana. Kijana aliyeujaza ukumbi wa Kentucky mechi baada ya mechi alilazimika kuvuka bahari ili aruhusiwe kuuza tabasamu lake mwenyewe. Mkimbiaji wa mbio za nyika, ambaye timu yake haipelekwi Bahamas, hana hata njia hiyo.

Nyumbani hali ni tofauti, na kwa upande mmoja ni bora. Hakuna aliyewahi kumwambia mwanafunzi wa chuo kikuu cha Kenya kwamba akishinda mbio za barabarani arudishe zawadi. Polisi, jeshi na magereza huwaajiri wanariadha, wakapokea mshahara huku wakifanya mazoezi. Lakini kuhusu sura ya mtu, tuko nyuma sana. Pita Eldoret wiki moja baada ya mashindano makubwa uone picha za washindi kwenye mabango ya pongezi, na kando yao uso wa mwanasiasa ukiwa mkubwa kuliko wa bingwa. Shule nazo huchapisha picha za wanafunzi wao mabingwa ili kuwavutia wazazi, na ni nadra mzazi wa bingwa kuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa kabla taarifa za mtu hazijatumiwa kibiashara, lakini ni wanariadha wangapi wa kijijini waliowahi kuelezwa hivyo? Hapa Marekani haki hiyo inajulikana na kila mtu, kisha mgeni anazuiwa kuitumia. Kwetu hakuna wa kumzuia, ila hajui kwamba anayo.

Wanaosema vijana wasubiri hadi wahitimu wanasahau jinsi umri wa mkimbiaji ulivyo mfupi. Ni kweli kwamba Sharon Lokedi, aliyekiwakilisha Chuo Kikuu cha Kansas na kushinda mita 10,000 za vyuo mwaka 2018, alifika mbali baadaye, akashinda marathoni ya New York mwaka 2022 na ya Boston mwaka 2025. Wengi hawafiki huko. Goti huharibika au mguu hupasuka mfupa, na miaka ya chuo ndiyo inabaki kuwa kilele chao. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State, katika enzi ambayo kanuni za ridhaa hazikumruhusu kuvuna alichostahili, na maisha yake ya baadaye yalikuwa magumu sana. Edward Cheserek alishinda mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon, yote kabla ya mwaka 2021.

Suluhisho si gumu. Mwaka 2023 maseneta Richard Blumenthal na Pete Ricketts, mmoja wa Democratic na mwingine wa Republican, waliwasilisha mswada wa kuwaruhusu wanariadha wa kigeni kunufaika na majina yao bila kuhatarisha viza. Wakenya wenye uraia wa Marekani wana wawakilishi katika Bunge la Marekani na wana kura, basi wawaandikie wawakilishi hao na kuwataka waupitishe mswada wa namna hiyo. Nanyi wazazi mlio Uasin Gishu na Elgeyo Marakwet, kocha wa chuo anapopiga simu kumtaka mwanao, msiishie kuuliza kuhusu ada na tiketi ya ndege. Ulizeni pia picha za mtoto zitatumika wapi, nani atalipwa, na kama chuo kina mwanasheria wa uhamiaji atakayemshauri bila malipo. Majibu hayo yapatikane kwa maandishi kabla mtoto hajatia saini.