Tendai Mtawarira: Zimbabwe ilipoteza nini hasa?

Juni 20, 2009, uwanja wa Kings Park, Durban. Ilikuwa mechi ya raga, na kila skramu, pale fowadi wanane wa kila timu wanapofungana na kusukumana kugombea mpira, ilipofungwa, Phil Vickery, propu (mmoja wa wale wa safu ya kwanza ya skramu) aliyetwaa Kombe la Dunia na Uingereza mwaka 2003, alinyanyuliwa kama gunia linalopakiwa lorini. Aliyekuwa akimnyanyua ni Tendai Mtawarira, kijana wa miaka 23, mzaliwa wa Harare, ndani ya jezi ya Afrika Kusini. Mashabiki walimvutia jina lake la utani, Beast, "Biiiist!", na mgeni angedhani wanamzomea. Kipindi cha pili hakijakolea, Vickery akatolewa. Afrika Kusini ikawalaza British and Irish Lions, timu ya pamoja ya Uingereza, Scotland, Wales na Ireland, 26–21.

Lawama kwamba Tendai Mtawarira aliikimbia nchi yake hazijawahi kuisha, na wanaolalamika wana la kusema. Zimbabwe ilicheza Kombe la Dunia mwaka 1987 na 1991, kisha ikaishia kutazama kwenye televisheni. Katika miaka hiyo hiyo Bobby Skinstad, mzaliwa wa Bulawayo, alikuwa nahodha wa Afrika Kusini. David Pocock, aliyekulia Gweru, akawa nahodha wa Australia. Mwaka 2008 kikosi cha Afrika Kusini kilikuwa na mapropu wawili kutoka Zimbabwe, Mtawarira na Brian Mujati. Hao wote hawakuondoka kwa sababu moja, lakini ukiwajumlisha unaona mmoja analima na mwingine anavuna.

Upande wa pili huanza na njaa. Mtawarira alicheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa Juni 2008, dhidi ya Wales, wakati mfumuko wa bei nyumbani ulikuwa umeila dola ya Zimbabwe hadi ikabaki karatasi. Nani angemwambia kijana arudi? Ni hoja nzuri, ila kwangu si ndiyo yenye uzito zaidi.

Mtawarira hakufika Durban akiwa propu. Alifika akiwa fowadi wa nyuma ya skramu, mtu wa kukimbia na mpira. Kocha Dick Muir wa klabu ya Sharks ndiye aliyemhamishia safu ya kwanza, na kijana mwenyewe hakupenda. Nani angependa? Safu ya kwanza unainamisha kichwa, wenzako wanakusukuma kwa nyuma, na mbele yako kuna watu wanane wenye jumla ya karibu kilo 900.

Winga anaweza kuchipuka popote penye nyasi na mbio. Collins Injera wa Kenya aliwahi kuongoza dunia nzima kwa idadi ya trai (mpira unaowekwa chini nyuma ya mstari wa wapinzani) katika mashindano ya raga ya wachezaji saba, ilhali Kenya ya wachezaji 15 haijawahi kufika Kombe la Dunia. Propu ni habari nyingine. Hafundwi kwa maelezo, anafundwa kwa shingo: msimu baada ya msimu akikutana na wanaume waliomzidi ujanja, mpaka naye awe mjanja. Wanaume hao walikuwa Durban na Pretoria. Kwa hiyo nikiulizwa Zimbabwe ilipoteza nini, nitajibu kwamba ilipoteza fowadi mzuri. Yule Beast alitengenezwa huko huko.

Na waliomtengeneza nao hawakumpokea kwa mikono miwili. Mwaka 2010, baada ya kazi yote ile dhidi ya Lions, wanasiasa wa Afrika Kusini walihoji kwa nini mtu mwenye pasipoti ya kigeni anaichezea nchi yao. Uraia aliupata mwaka huo huo. Akimaliza mazoezi alikuwa msaliti ng'ambo moja ya Limpopo, mto wa mpakani, na mgeni ng'ambo ya pili.

Walalamikaji wakielekeza kidole kwenye kanuni, hapo niko nao. Enzi zake, miaka mitatu ya kuishi nchini ilitosha kukupa jezi ya taifa. Sasa ni mitano, na tangu 2022 mchezaji aliyekaa miaka mitatu nje ya timu ya taifa anaweza kuhamia nchi alikozaliwa. Mtawarira hakuifaidi. Alicheza mechi yake ya 117 na ya mwisho Novemba 2, 2019, fainali ya Kombe la Dunia mjini Yokohama. Propu wa Uingereza Kyle Sinckler aliumia dakika za mwanzo, Dan Cole akaingia, na jioni yake ikafanana sana na ile ya Vickery. Afrika Kusini ikashinda 32–12.

Julai 2025 Zimbabwe iliifunga Namibia 30–28 mjini Kampala na kufuzu Kombe la Dunia la 2027, baada ya miaka 36 ya kukosekana. Litachezwa Australia, nchi ambayo Pocock, yule wa Gweru, sasa ni seneta wake.