Hollywood kwa Bando la Usiku

Kusini huku mjomba ana neno. Mpwa haendi jando, haoi, hauzi shamba la mikorosho mjomba hajaulizwa. Heshima hiyo naipenda, siwezi kusema uongo. Ila katika mambo yote niliyoambiwa nitaulizwa, hakuna mzee aliyenitajia kuchagua studio ya filamu.

Mpwa wangu yuko Los Angeles anahangaika na maisha. Kapata siku ya mapumziko, akatuma sauti kwenye grupu la ukoo: "Shikamoo mjomba, shikamooni wazee wote. Nataka niwatembeze studio kwa vidio koli. Zipo nyingi, jadilianeni, mjomba atakata shauri. Tiketi yangu, bando lenu."

Marahaba. Bando letu, yaani langu.

Mimi ni fundi wa mafriji hapa Mtwara mjini. Sinema nimeisomea banda la video: unalipa, unabanwa kwenye benchi, DJ anatafsiri anavyojisikia, na stelingi hafi. Mambo ya nani kapiga wapi picha hiyo hayakunihusu. Sasa naambiwa kwanza hiyo Hollywood ya filamu yenyewe haipo Hollywood, kile kitongoji cha Los Angeles! Katika zile studio kubwa aliyebaki Hollywood kwenyewe ni Paramount peke yake, pale Melrose Avenue. Warner Bros. wako Burbank. Sony wako Culver City, kwenye viwanja vilivyokuwa vya studio nyingine, MGM. Universal wana mji wao kabisa, Universal City. Jirani yangu muuza ming'oko, vile viazi vya porini, akauliza, sasa wale wengine wanaojiita Hollywood wanamdanganya nani? Nikamwambia atulie, kikao ni cha ukoo. Hakutulia.

Watoto walishakubaliana kabla sijafungua mdomo: Universal. Kuna kigari kirefu cha kutembeza watu, kipo tangu 1964, kinapita kando ya bwawa, mara papa wa ile filamu ya Jaws anachomoza na meno yake, watu wanapiga mayowe, safari inaendelea. Papa! Mtoto wa Mtwara unataka kuonyeshwa papa wa mashine? Nenda feri asubuhi, papa utamkuta kalala juu ya meza kakatwa vipande, na anayepiga mayowe ni mnunuzi akitajiwa bei. Halafu safari ile ya kigari hawaiuzi peke yake, lazima ukate tiketi ya bustani nzima ya michezo, na hiyo inavuka dola 100. Hesabu niliipiga kwa korosho, nikaifuta haraka mke wangu asije akaiona.

Kijana wangu mkubwa akaja na hoja nyingine, hii ikaniuma. Anasema kwenye mtaa wa kikoboi wa Universal, milango ya upande mmoja imetengenezwa midogo makusudi, ili stelingi akisimama hapo aonekane pande la mtu. Upande wa pili mikubwa, ili bibie aonekane kadogo, wa kuonewa huruma. Miaka yote hiyo nimemheshimu mtu kwa sababu ya fremu ya mlango! Nina rafiki alianza kunyanyua vyuma kwa ajili ya wale watu. Alivunjika mgongo.

Shemeji yangu, ambaye hawezi kukaa kikaoni bila kuleta historia, akatuma ujumbe mrefu wa kusogeza kwa kidole mpaka kidole kichoke. Katikati yake palikuwa na kitu lakini. Eti mwenye Universal, Carl Laemmle, alifungua ule mji mwezi Machi 1915 na akawa anaruhusu watu waingie watazame filamu ikipigwa. Senti 25. Na ndani ya hizo senti 25 unapewa boksi la chakula lenye kuku. Unakaa, unakula, unamshangilia stelingi, unamzomea jambazi, na hakuna wa kukunyamazisha kwa sababu filamu zenyewe zilikuwa bubu. Zilipoanza kuwa na sauti, wageni wakafungiwa geti, likafunguliwa tena ndiyo hiyo 1964 ya vigari. Nilisikitika jamani. Sisi ndio watu haswa wa ile studio. Kupiga kelele tunaweza, kuku tunamla, na senti 25 mtu hakosi. Tukacheleweshwa kuzaliwa.

Paramount nao wakatajwa. Wao wana maegesho ya magari ambayo ni bahari. Nasema kweli: siku wanayotaka bahari, wanaondoa magari, wanajaza maji, na nyuma upo ukuta mkubwa umepakwa rangi ya mbingu na mawingu. Wanapiga picha, wanamwaga maji, magari yanarudi. Mimi ninakaa mwendo mfupi kutoka Shangani, bahari ya Hindi nzima iko pale bila kiingilio, na hakuna aliyewahi kuja kuniuliza kama ipo wazi.

Jirani wa ming'oko akadakia tena: kwani hakuna cha bure? Hapo nikakaa vizuri. Na kweli kipo. Vile vipindi vya televisheni vya kuchekesha, vinavyorekodiwa mbele ya watu, tiketi yake hailipiwi. Ila wanagawa tiketi nyingi kuliko viti, kwa hiyo unaenda mapema unapanga foleni, na unaweza kuishia nje na tiketi yako mkononi. Ukiingia, kuna mtu kazi yake ni kuwachangamsha mcheke. Na simu unaiacha. Sasa simu ikiachwa, sisi huku tutatazama nini, birika?

Mke wangu alikuwa kimya muda wote, nikajua bado. Akauliza kwa upole, "Yule kaka wa ile tamthilia ya Kituruki, yeye yuko studio ipi hapo?" Kijana akamjibu kwamba huyo yuko Istanbul, nchi nyingine, bara lingine. Mke wangu akaweka simu chini. "Basi mimi sina ninachochagua hapo," akaenda kuchambua mchele.

Aliyemaliza kikao ni mama yangu. Hakuuliza filamu wala papa. Aliuliza mjukuu wake atakaa au atatembezwa juani. Wakatafuta: Sony unatembea kwa miguu, mwendo wa saa mbili hivi. Paramount na Warner Bros. unapandishwa kigari kidogo cha umeme. "Apande," akasema mama, na mjomba mwenye neno nikakata shauri kwamba apande. Ni ipi kati ya hizo mbili sitaitaja. Mpwa bado anataka kukaa kule kwa amani, na mtaona kwa nini.

Siku yenyewe kule ilikuwa saa nne asubuhi, huku saa mbili usiku. Simu tumeiegemeza kwenye birika juu ya stuli, vichwa vimejaa mbele yake, wa nyuma anatazama visogo. Kigari hakijaondoka, umeme ukakatika. Sisi hawa, tunaokaa jirani na gesi ya Mnazi Bay! Bahati simu ilikuwa na chaji, ila sasa tuko gizani na nyuso zetu zinawaka kibuluu, mpwa akatuuliza kama kuna msiba.

Wakafika kwenye jengo kubwa lisilo na madirisha, nje taa nyekundu inawaka. Maana yake ndani wanarekodi, hakuna kusogea wala kukohoa. Kigari kikasimama. Kimya. Hata ndege wa kule nadhani wanajua. Ndipo kutoka Mtwara, kwa spika iliyofunguliwa mpaka mwisho, ikasikika sauti ya mama yangu: "STELINGI YUKO WAPI?"

Niliona abiria wote wakigeuka. Niliona dada anayewaongoza akifumba macho. Halafu sikusikia tena kitu, mpwa alitunyamazisha. Mimi, mjomba, nimezimwa sauti na mtoto niliyemlipia ada.

Taa ilipozimika wakaruhusiwa kuingia jengo la jirani, ambalo ndimo mlimo na mambo yote yaliyotuweka macho. Tangazo: ndani hakuna kupiga picha, simu zote mfukoni. Akaiweka mfukoni bila kukata. Basi ukoo mzima tukatembelea studio ndani ya mfuko wa suruali. Giza kule, giza huku. Tukasikia funguo. Tukasikia chenji. Mtoto wangu mdogo akauliza hii filamu inaitwaje.

Walipotoka nje akatuonyesha mtaa wa New York. Maghorofa, ngazi, taa za barabarani, matofali mekundu. Akazunguka nyuma: mbao na nguzo za kuegemezea, hakuna chumba, hakuna choo. Watoto wakashangaa. Mama akasema hicho kiko Mikindani, kuta za mawe zenye mlango mzuri na nyuma yake mpapai, na pale kuta ni za kweli, hakuna anayekutoza kuziona. Hapo sikuwa na la kuongeza.

Mwisho wa safari kigari kikawashusha dukani. Yaani huwezi kutoka bila kupita katikati ya vikombe na fulana. Mpwa akaonyesha kikombe kimoja na bei yake, na kwa mara ya kwanza usiku ule ukoo wote ukanyamaza wenyewe. Hakununua. Nikasema alhamdulillah, yameisha.

Asubuhi nimeamka nakuta grupu jipya limeundwa, "Istanbul Tunakuja". Mweka hazina ni mke wangu. Orodha ya michango imebandikwa, jina langu ndilo la kwanza, mbele yake pameandikwa 50,000, na pembeni tayari kuna jirani wa ming'oko anauliza kama na wasio wa ukoo wanaruhusiwa.