Likizo na vijana: mzazi, nyamaza kidogo

Mwaka juzi niliwapeleka wanangu Msimbati. Niliwaamsha alfajiri, nikafungasha chakula mwenyewe, na njia nzima nikawa nawaeleza habari za gesi ya Mnazi Bay na hifadhi ya bahari. Kaka mtu alijiziba masikio kwa hedifoni. Mdogo wake alijilaza mchangani, kanga usoni, mpaka tulipoanza kufungasha. Nikarudi Mtwara mjini nimenuna, nikisema watoto wa siku hizi hawana shukrani.

Leo nasema kosa lilikuwa langu. Hawakuwa watoto wa kubebwa tena, nami niliwabeba.

Huku kwetu wazee walilijua hili zamani. Likizo ndefu ya shule ndiyo msimu wa jando na unyago, na mtoto akishaingia huko, mzazi hukaa pembeni. Wanaozungumza naye ni makungwi na walezi. Sisemi kila desturi ya kule ni ya kushika, ila hilo la mzazi kukaa pembeni nimeliiba.

Juni iliyopita tulikwenda Kilwa. (Najua Juni mifuko imekauka, fedha za korosho huja mwisho wa mwaka. Niliweka kidogo kidogo tangu Desemba.) Kijana, miaka 16, nilimpa njia: basi gani, tushuke Nangurukuru saa ngapi, Masoko tufike kwa usafiri gani. Binti, miaka 14, nilimkabidhi pochi yenye laki mbili na nusu, nauli na malazi humo humo. Mimi nikawa abiria.

Haikuwa rahisi. Kijana alikosea hesabu ya muda, tukafika Masoko giza limeingia. Ulimi uliniwasha, nikatafuna ming'oko yangu, mizizi ya porini ya huku kwetu, kimya. Asubuhi waliamka saa nne. Zamani ningeita uvivu, lakini mwili wa kijana wa umri huo huchelewa kupata usingizi usiku, na kumwamsha kwa kelele humpatia mzazi uso uliokunjamana tu. Binti alibishana na nahodha juu ya bei ya kuvuka hadi mimi nikaona haya. Akalipia na kibali cha kuingia Kilwa Kisiwani, penye magofu ya mji wa kale, akaomba risiti. Nilipotaka soda ya pili, aliniambia, "Mama, haimo kwenye bajeti."

Kule Kisiwani mwongozaji alisimulia Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alivyofika mwaka 1331, na jinsi dhahabu ya Sofala, huko pwani ya Msumbiji, ilivyoutajirisha mji. Nilikuwa na la kuongeza, sikuongeza. Katika Husuni Kubwa, jumba la kifalme juu ya jabali linalotazama bahari, lipo bwawa la sultani lenye pembe nane. Binti alikaa ukingoni, akalitazama, halafu akauliza: "Maji alikuwa anachota nani?"

Mwongozaji akacheka, kisha akanyamaza. Wakaanza kubishana wao watatu kuhusu visima, watumwa na uzito wa ndoo, na kijana wangu, ambaye nyumbani hunijibu kwa "mmh", akasema maneno mengi kuliko aliyonipa mimi tangu afunge shule. Simu ilikuwa mfukoni. Si kwamba nilimnyang'anya, alisahau.

Wapo watakaosema likizo ni ya wenye nazo, sisi wengine watoto tunawapeleka kwa bibi. Sawa, wapelekeni kwa bibi. Ila hata huko Newala au Nachingwea mpeni kijana nauli aikate tiketi mwenyewe, mumwachie na siku moja aipange yeye, hata akiamua kuilala yote. Nilicholipia Kilwa hakikuwa magofu peke yake. Nililipia pia ile saa ya giza Nangurukuru, kijana akihangaika kutafuta gari huku mimi nimekaa juu ya begi.

Tuliporudi, binti alinikabidhi chenji, shilingi 3,500, na karatasi ya mahesabu. Bajaji ya kutoka stendi hadi nyumbani nililipa kwa hela yangu. Alisema mfuko wa safari umeshafungwa.